Mzee Apumzike, Kisha Afanye Nini?

"Bibi, wewe sasa pumzika." Katika nyumba zetu sisi wahamiaji wa Louisville, Columbus na Buffalo maneno haya hutamkwa kwa upole na heshima zote. Jembe linafungiwa gereji, bibi anawekwa mbele ya televisheni, na watoto wanajiona wametimiza wajibu. Hayo mimi nayaita uvivu. Kumkataza mzee kulima ni rahisi kuliko kumbebea udongo.

Kisingizio kikuu ni kwamba ataanguka. Kweli, Marekani zaidi ya mtu 1 kati ya 4 wenye umri wa miaka 65 na kuendelea huanguka kila mwaka. Lakini miguu isiyotumika hulegea, na mwenye miguu iliyolegea huanguka hata akienda msalani. Theluji ya Buffalo tayari imemfungia ndani miezi kadhaa. Mkimnyima na kiangazi, mnambakizia nini?

Wazee wengi hawashindwi kulima, wanashindwa kuinama. Basi inueni ardhi. Tuta la mbao lenye kimo cha sentimita 60 hadi 75 hupaliliwa mtu akiwa ameketi kitini. Upana usizidi sentimita 120 akilifikia kutoka pande zote mbili, au 60 likiwa limeegemea ukuta. Njia iache sentimita 90, mkongojo na kiti cha magurudumu vipite. Ndoo ya lita 20 ibadilishwe kwa kopo la lita 5. Tena kwenye mitaa yenye nyumba kuukuu, udongo wa uani mara nyingi una madini ya risasi kutokana na rangi za zamani, zilizopigwa marufuku majumbani mwaka 1978. Udongo safi uliojazwa kwenye tuta unamkinga mlaji wa mboga zake.

Eti hayo ni mambo ya Wazungu! Waliopita kambi za wakimbizi za Dadaab na Kakuma nchini Kenya wanaijua bustani ya gunia: mawe katikati ya kupitisha maji, matundu ubavuni, mboga zinachipua kila upande. Kibera, Nairobi, magunia hayo yalienea tangu 2008. Mama aliyekuwa akichuma sukuma wiki bila kupiga magoti anahitaji ruhusa ya nani leo Columbus?

Mashamba nayo yapo. Louisville kuna Common Earth Gardens, mpango wa Catholic Charities unaowapa wakimbizi viwanja vya kulima. Kusini mwa Buffalo, huko Orchard Park, Providence Farm Collective ilianzia kwa wakulima Wasomali Wabantu, watu wa bonde la Juba waliozaliwa na jembe mkononi. Mzee aombewe kiwanja karibu na bomba na maegesho, basi.

Unabaki mzigo. Tuta la mita 1.2 kwa 2.4, lenye kimo cha sentimita 60, hula udongo wa tani 2 na zaidi. Huo si wa bibi. Ni wa wajukuu wake, wanaolipa ada ya jimu kila mwezi ili wakanyanyue vyuma.