Kabla hujasaini, uliza wanatoa nini

SAFU YA ALHAMISI
Na Rehema Mbwambo

Herufi zilikuwa tatu tu: T, A, H. Ziliandikwa kwa peni ya bluu kwenye fomu ya ridhaa, na fomu yenyewe ilikuwa ya Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Mdogo wangu alikuwa ameketi kitandani na gauni la hospitali, kanga begani, peni mkononi. Muuguzi alikuwa na haraka, wodi imejaa. "Dada, saini hapa, kesho asubuhi unaingia wa pili."

Mdogo wangu alikuwa na miaka 34 na hakuwa amejaliwa mtoto. Alikuwa ameambiwa ana uvimbe kwenye kizazi na kwamba utatolewa. Ndivyo alivyoelewa, na mimi ndivyo nilivyoelewa. Aliyetuokoa ni mama wa kitanda cha jirani, mkunga mstaafu, aliyeomba aitazame ile karatasi. Aliisoma, akavua miwani, akauliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, wamekwambia kwamba wanatoa kizazi chote?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Sisemi daktari yule alikuwa na nia mbaya. Nasema kutoa uvimbe ni jambo moja, kutoa kizazi ni jambo jingine, na mwanamke hapaswi kuyajua hayo kwa bahati ya kulazwa karibu na mkunga.

Uvimbe huu, ambao wengi tunauita fibroidi, ni nyama inayoota kutokana na misuli ya kizazi chenyewe. Ni jambo la kawaida mno. Wanawake wengi watakuwa nao kabla ya kufika miaka 50, na sisi wanawake weusi hutupata mapema zaidi na huwa mkubwa zaidi. Mara chache sana huwa saratani. Wengi wanaishi nao bila hata kujua, na usiokusumbua unaweza kuachwa ukafuatiliwa tu. Shida ni pale unapoanza kumwaga damu. Mdogo wangu alikuwa akibadilisha pedi kila saa, analalia kanga iliyokunjwa mara nne, na kazini havai sketi ya rangi nyepesi. Wingi wake wa damu ulipopimwa ulikuwa 6.8, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi.

Hapo alikuwa ameshakunywa unga wa "kuyeyusha uvimbe" kwa miaka miwili, akiukoroga kwenye uji. Niseme wazi, maana matangazo yake yamebandikwa kila nguzo ya umeme: sijaona ushahidi wowote kwamba unga ule unayeyusha chochote. Kilichoyeyuka ni damu ya mdogo wangu na akiba yake.

Sasa, njia za upasuaji ni zipi? Inategemea uvimbe umekaa wapi. Ukiwa umechomoza ndani ya mji wa mimba, daktari anaweza kupitisha kamera nyembamba ukeni na kuunyofoa bila kupasua tumbo, na mara nyingi mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Ukiwa kwenye ukuta wa kizazi au nje yake, na si mkubwa kupita kiasi, unaweza kutolewa kwa matundu madogo tumboni. Ukiwa mwingi au mkubwa, tumbo linafunguliwa, uvimbe unatolewa mmoja mmoja, kizazi kinashonwa na kinabaki. Hapo utapumzika wiki nne hadi sita. Ipo pia njia ya kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa damu na kuziba mishipa inayolisha uvimbe, iliyotangazwa na madaktari wa Ufaransa mwaka 1995. Inahitaji wataalamu wa radiolojia tiba, ambao kwetu bado ni wachache. Muhimbili ilianza kuwafundisha mwaka 2018 kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani. Kwa anayetaka kuzaa bado, madaktari husita kuitumia.

Huwa nasikia watu wakisema uvimbe ukiwa mwingi hakuna namna, kizazi lazima kiende. Lakini alikuwapo daktari Mwingereza, Victor Bonney, ambaye mke wake alitolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe huu, wakaishi bila mtoto. Bonney alitumia miaka mingi ya kazi yake kutafuta namna ya kutoa uvimbe na kuacha kizazi, hata akabuni koleo maalumu la kubana mishipa ya damu wakati wa upasuaji. Kutoka kwenye kizazi kimoja aliwahi kutoa vivimbe 225. Kitabu chake kuhusu upasuaji huo kilitoka mwaka 1946.

Kutoa kizazi nako kuna mahali pake. Mama yangu mdogo alitolewa akiwa na miaka 46 na watoto wanne, na hajutii hata siku moja. Ndiyo njia pekee yenye uhakika kwamba uvimbe hautarudi, maana ukitolewa peke yake mwingine unaweza kuota. Wala si kweli kwamba aliyetolewa kizazi si mwanamke tena. Ovari zikiachwa, homoni zake zinaendelea. Lakini mama mdogo aliketi na daktari, akaelezwa, akachagua.

Mdogo wangu hakusaini. Tulihamia hospitali nyingine, akatumia vidonge vya kuongeza damu miezi miwili, shemeji na binamu wakaenda kuchangia damu. Daktari wa pili alimwambia ukweli wote kwa Kiswahili, pamoja na ule mgumu: damu ikikataa kusimama tukiwa ndani, huenda tukalazimika kutoa kizazi ili tuokoe maisha yako. Alilia kidogo, akauliza maswali yake, akasaini. Vilitoka vivimbe 11. Tulionyeshwa kwenye sinia la chuma, vyeupe na vigumu, kikubwa chao kama chungwa, na kilichopasuliwa kilikuwa na mistari ya kuzunguka kama uzi uliovingirishwa. Kizazi kipo.

Dada unayesoma hapa ukiwa na tarehe ya operesheni, muulize daktari kwa maneno haya haya: mnatoa uvimbe au mnatoa kizazi, na kwa nini hiyo na si nyingine? Akijibu kwa herufi, mwombe aseme tena kwa Kiswahili. Nanyi mnaosimamia hospitali zetu, fomu ya ridhaa iandikwe kwa lugha anayoisoma yule anayelala kitandani, na jina la upasuaji liandikwe kwa maneno kamili.