Motakaa Yako: Injini Ivumayo Gari Likisimama

Pikapu ya Peugeot 504, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1979, ingali yaonekana katika barabara za Kenya ikichukua viazi, maziwa na mbao. Gari la umri huo halikosi maradhi, na mojawapo yawasumbuayo wenyewe ni hili: gari limesimama, gia imetolewa, mguu hauko juu ya kanyagio la mafuta, lakini injini yavuma kana kwamba yapanda mlima. Injini ya petroli ya namna hiyo, ikiisha kupata moto, yapasa kuzunguka mara 800 hadi 900 hivi kwa dakika. Ikifika 1,500, kuna jambo.

Dawa ipendwayo na wengi ni bisibisi. Fundi hufunua boneti, huigeuza skrubu ya kabureta mpaka kelele ipungue, hupokea ujira wake, na mwenye gari huenda zake amefurahi. Hayo ni sawa na kumziba mtoto mdomo ili asilie.

Mwenye pikapu mmoja, achukuaye viazi kutoka Kinangop kuteremka Naivasha, alitengenezewa gari lake hivyo mara mbili katika mwezi mmoja. Mara ya tatu alimwendea fundi mwingine, akamwambia, "Kijana wangu, nipunguzie kelele hii upesi, magunia yananingoja." Yule kijana akaitazama skrubu, akaona imefunguliwa hata haigusi kitu tena. "Mzee," akajibu, "skrubu imekwisha kazi yake, na injini bado yavuma. Kuna hewa inayoingia kwa mlango mwingine."

Neno hilo la hewa ndilo kiini cha shauri lote. Ndani ya kabureta mna kilango cha duara ambacho hufunguka dereva akanyagapo mafuta, na hujifunga aondoapo mguu. Hewa ipitayo hapo huvuta petroli kwa kiasi chake. Kilango kikiisha kufungwa, injini huendelea kunyonya kwa nguvu, kama mtu anyonyaye mrija uliozibwa kwa kidole. Basi popote penye ufa upande wa pili wa kilango, hewa huingia bila kupimwa. Ufa mdogo huongeza mwendo. Ufa mkubwa huitetemesha injini, na pengine huizima kabisa.

Fundi yule hakuanza na nyufa, bali na mambo mepesi. Aliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, akavuta breki ya mkono, akaiacha injini ipate moto, kwa maana injini baridi iliyovutwa choki ina haki ya kuvuma. Kisha akatazama kama choki imerudi mpaka mwisho wake. Akausukuma kwa kidole mkono wa kabureta unaovutwa na waya wa mafuta. Kama mwendo ungalishuka hapo, kosa lingalikuwa la springi iliyolegea, au la waya uliokaushwa na vumbi la murami. Haukushuka.

Ndipo akachukua maji ya sabuni, akayapaka kidogo kidogo penye gasketi ya kabureta na penye maungio ya mipira. Palipo na ufa maji hunyonywa, na mlio wa injini hubadilika mara moja. (Wako wanaofanya hivyo kwa petroli. Cheche moja ya plagi, au bomba la moshi lililo moto, yatosha kuwachoma wao na gari.) Gasketi ilikuwa nzima. Lakini alipoukamata kwa koleo mpira mnene uendao kwenye busta ya breki, kelele ilishuka papo hapo. Mpira huo ulikuwa umepasuka kwa chini, mahali pasipoonekana.

Mzee aliulizwa kama breki zilikuwa nzito siku hizo. Akafikiri, akasema kwamba tangu majuma mawili alilazimika kukanyaga kwa mguu wote, naye alidhani ni uzito wa viazi. Busta hufanya kazi kwa mvuto uleule wa injini. Mpira ukivuja, mguu wa dereva hubaki peke yake. Tena injini yenye mwendo wa juu hailizuii gari vizuri katika mteremko, hata likiwa katika gia ndogo. Hivyo, kwa majuma mawili, pikapu ile iliyojaa magunia ilikuwa ikiteremka na breki nusu, na skrubu iliyogeuzwa mara mbili ndiyo iliyoificha habari hiyo.

Mipira ikiwa mizima yote, hubaki mhimili wa kilango, ambao kwa miaka mingi hulika na kupitisha hewa pembeni, na taimingi iliyowekwa mbele kupita kiasi. Hayo yataka fundi aliye na vyombo vya kupimia.

Kijana alifunga mpira mpya na klipu mbili. Injini ikiwa imezimwa, alimwambia mzee akanyage breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kisha aushikilie mguu pale pale na kuwasha. Kanyagio likazama kidogo chini ya mguu wake, kama ipasavyo. Hapo ndipo fundi alipochukua bisibisi na kuirudisha skrubu ndani.