Rialiti TV: shindano ni la kweli, hadithi ndiyo ina fundi

Kila rialiti mpya ikitoka, ubishi barazani ni ule ule. Nusu ya watu wanaapa yale ni maisha ya kweli, nusu wanasema wale wamekaririshwa maneno. Ilikuwa hivyo 2023 Showmax walipotuletea The Real Housewives of Nairobi, na itakuwa hivyo kwa kitakachofuata.

Sisi wa Lamu ndio tungefaa kuwa wa mwisho kushangaa. Ukikaa hapa mwaka mmoja tu ushaona: kamera zinashuka gatini, nahodha anaombwa ashushe tanga alipandishe tena, injini inafunikwa gunia, na kijana aliyekuja na jinzi anavalishwa kikoi. Jahazi ni la kweli, bahari pia. Siku yenyewe ndiyo imetungwa.

Kwa hivyo mimi "ni kweli ama ni feki?" siiulizi tena. Nauliza: kitu gani kwenye hivi vipindi hakiguswi, na kipi kinachezewa kila siku?

Mfano mzuri uko hapa hapa Kenya, ila wengi wetu tulikuwa watoto ama hatujazaliwa. Julai 2001 Wamarekani wa Survivor walipiga kambi mbuga ya Shaba, Isiolo. Washindani 16, siku 39, zawadi dola milioni moja. Ethan Zohn akaibeba kwa kura 5 dhidi ya 2 za Kim Johnson.

Ushindani wenyewe hawakuthubutu kuupanga, na si kwa sababu ni watu waungwana sana. Miaka ya 1950 vipindi vya chemsha bongo huko Marekani vilikuwa vinawapa washindani majibu mapema. Charles Van Doren, aliyekuwa staa wa nchi nzima kwa "akili" zake, akakiri mbele ya kamati ya Bunge 1959. Mwaka uliofuata sheria ikapita: kupanga matokeo ya shindano kama hilo ni jinai.

Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka Shaba. Kuelekea mwisho waliulizwa nani kati ya wanawake hajatogwa popote mwilini. Kumbe majibu sahihi yalikuwa mawili, na Lex van den Berghe akahesabiwa amekosa. Kosa lilipojulikana mchezo ulikuwa ushaisha, ikabidi yeye na mwenzake Tom Buchanan waongezewe hela. Aliyeandika skripti hawezi kujiaibisha hivyo, wallahi.

Sasa njoo kwenye hadithi. Hapo ndipo fundi anapofanya kazi. Mark Burnett, mwenye Survivor, alikiri mwaka huo huo wa 2001 kwamba baadhi ya picha zilirudiwa na watu wa kukodi, likiwemo shindano la kuogelea, ili kamera ya juu ipige bila wapiga picha kuonekana majini. Mshindi alibaki yule yule. Ulichokiona wewe kilikuwa miguu ya mtu mwingine.

Na huo ni utani ukilinganisha na mkasi. Mimi niliacha chuo nikaingia kuhariri video za harusi, kwa hivyo hili nalijua kwa mikono yangu. Mjomba wa bwana harusi anatazama saa akiwaza biriani. Nikimchukua uso ule nikauweka baada ya bwana harusi kuingia, ushapata mjomba asiyeitaka ndoa. Hajasema neno hata moja, na hakuna kitu cha uongo kwenye ile picha. Kwenye rialiti wanarekodi kutwa nzima wapate kipindi kisichofika saa moja, na sentensi ya Jumatatu inaweza kushonwa na ya Ijumaa. Yule dada "mwenye roho mbaya" unayemtukana mtandaoni huenda alitazama tu saa.

Kinachoniuma kuhusu Shaba ni kingine kabisa. Timu mbili zilipewa majina Boran na Samburu, zilipoungana zikaitwa Moto Maji. Waborana na Wasamburu wenyewe, wenye ile ardhi na yale majina, walipita kwenye skrini kama mandhari. Ndipo naogopa kwetu. Shela, Matondoni, Siyu, kote ni pazuri, na kamera zitaendelea kuja. Atakayekatwa na mkasi hatakuwa staa mwenye wakili. Atakuwa kijana aliyelipwa hela za siku moja avute kamba.

Silaha ipo, japo si kali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema taarifa zako, picha ikiwemo, zisitumike bila msingi wa kisheria kama ridhaa, na ukishatoa ridhaa unaweza kuiondoa. Septemba 2023 klabu moja Nairobi ilitozwa faini ya Sh1.85 milioni kwa kutumia picha za wateja bila ruhusa yao. Kuna mwanya wa habari na sanaa, na watu wa runinga watajaribu kupita hapo. Ndiyo maana karatasi unayosaini ina uzito kuliko malipo: inasema wanaweza kukukata vipi, kukuonyesha wapi, kwa miaka mingapi.

Niliyowahi kushikishwa mimi, ufukweni Shela, ilikuwa kurasa sita za Kiingereza. Jamaa wa kamera akanipa kalamu akaniambia nifanye haraka, jua linazama.