Gari Kuukuu na Vumbi Lake

Mama mmoja msomaji wetu, ambaye mwanawe amehamia Marekani, ametuuliza habari ya hotirodi: mwana ameinunua, anaifufua katika banda lililoshikamana na nyumba, na wajukuu hushinda humo.

Asili yake ni hii. Mwaka 1932 kampuni ya Ford ilitoa gari la bei nafuu lenye injini ya silinda nane na nguvu za farasi 65. Yalipochakaa, vijana wa California waliyanunua, wakayavua madigadi kupunguza uzito, wakazitia injini nguvu zaidi na kushindana kwenye maziwa makavu kama Muroc. Hatufichi kwamba umbo lake latupendeza.

Wengi huanza na injini, nasi twaona huko ni kuanzia mwisho. Breki za gari lile zilivutwa kwa fito za chuma. Ford haikuleta breki za mafuta hadi magari yake ya mwaka 1939. Atiaye injini ya kisasa akaacha breki za kale amejipa mwendo asioweza kuuzuia. Kwanza ni breki za diski, kisha mikanda iliyofungwa kwenye chasisi yenyewe, si kwenye bati la sakafu. Nguzo ya usukani nayo ibadilishwe, iwekwe ile inayojikunja gari linapogonga, kwani ya zamani hubaki imesimama kama mkuki mbele ya kifua. Umeme wa volti 6 na nyaya zilizovikwa kitambaa utolewe wote.

Hayo fundi atayajua. Lisilotajwa sana ni vumbi. Rangi za magari ya zamani aghalabu zilikuwa na madini ya risasi, na mabonde ya bodi yalizibwa kwa risasi iliyoyeyushwa pamoja na bati. Ukiipiga msasa, vumbi hukaa katika nywele, viatu na nguo, likaingia ndani pamoja na mwenyewe. Mtoto mdogo atambaaye huweka mkono chini, kisha kinywani. Risasi hudhuru ubongo wake, na mjamzito humpitishia aliye tumboni. Anayekung'uta nguo kabla ya kuzifua naye hulivuta. Basi msasa uwe wa maji, nguo za kazi zivuliwe bandani na zifuliwe peke yake, na watoto wasiingie kamwe kazi hiyo inapofanywa, hata kumletea baba chai.

Bitana za breki za kale zilikuwa na asbesto. Zisipulizwe kwa hewa. Ziloweshwe, zifungwe mfukoni.

Tangi nalo lisichomelewe nyumbani, hata likiwa tupu miaka mingi, kwani mvuke wa petroli uliosalia ndani ndio ulipukao. Huko huuzwa matangi mapya yenye umbo lile lile, na kwa hili hatumwoni mwenye hoja yule ashikiliaye la asili.