Leseni ya tele ni mkataba

Sisi watu wa mgodi tunajua kama ahadi ya mdomo ya mukubwa wa kampuni haina uzito. Neno lenye uzito ni lile limeandikwa katika mkataba wa pamoja, ile konvansio yenye sahihi za pande mbili, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, ili siku ikifika turudi mezani. Leo tunasema juu ya karatasi ingine ya namna hiyo, ambayo hatusikii mtu akiitaja pale tunapongojea basi ya kazi: leseni ya televisheni ya umma ya jimbo. Tutaanza mbali, Sudbury, muji wa mgodi wa Kanada, kwa sababu wachimbaji wa kule wamekwisha kupita njia hii.

Sudbury iko kaskazini ya jimbo la Ontario. Wanatoa nikeli na shaba, na kobalti inatoka humo humo. Glencore, kampuni ambayo watu wa Kolwezi hawahitaji kuelezwa, iko na migodi kule pia. Kama robo ya wakaaji wa muji ule ni watu wa Kifaransa, wajukuu wa wale walitoka Quebec kutafuta kazi ya reli, ya miti na ya mgodi. Na hapa msomaji wetu atashangaa kidogo: kule Kifaransa hakikuwa lugha ya ofisi. Kilikuwa lugha ya mtu anashuka chini na taa kwenye kofia. Ofisi ilisema Kiingereza. Katika 1912 serikali ya Ontario ilitoa Kanuni ya 17, iliyozuia kufundisha kwa Kifaransa kisha miaka miwili ya kwanza ya shule, na watu walipigana nayo mpaka 1927. Mtoto aliyekatazwa kusema lugha ya mama yake katika uwanja wa shule, hatuna haja ya kuenda Kanada kumtafuta.

Televisheni ilifika mapema. Katika 1953 Sudbury ilipata kituo cha kwanza cha binafsi cha Kanada nzima. Fahari kubwa, lakini kwa Kiingereza. Katika Septemba 1978 wafanyakazi karibu 11,700 wa INCO waliweka vyombo chini, na mgomo ukadumu zaidi ya miezi 8, mpaka 1979. Wamama, bibi za wagomaji, walijipanga wao wenyewe: chakula, nguo za watoto, mikutano. Filamu juu ya hao wamama ilitoka mwaka uliofuata, na waliotengeneza walitoka Quebec, jimbo la jirani. Televisheni ya Kifaransa ya Ontario yenyewe ilikuwa haijazaliwa bado.

Ilizaliwa tarehe 1 Januari 1987. Jina lake la kwanza lilikuwa La Chaîne, kisha ikawa TFO. Kwa wasemaji wa Kifaransa zaidi ya 600,000 waliotawanyika katika jimbo lenye kupita Ufaransa kwa ukubwa, ilileta vipindi vya shule, habari za mambo yao, na baadaye hata michezo ya kuchekesha iliyopigwa picha Sudbury kwenyewe, na Kifaransa cha kule kaskazini, si kile cha Montreal wala cha Paris. Mtu asifikiri ni kitu kidogo. Mtoto akisikia lugha ya baba yake ndani ya tele, anajua kama si lugha ya jikoni tu.

Sasa tuingie katika karatasi yenyewe, maana utamu uko pale.

Katika Kanada, leseni inatolewa na baraza moja la taifa, CRTC, tangu 1968. Kabla ya kutoa au kuongeza muda, baraza linatangaza ombi, na kila mtu ana haki ya kuandika: sendika, shirika la wamama, shule, mtu mmoja tu na kalamu yake. Kwa miaka mingi leseni haikupita miaka 7. Muda ukiisha, kituo kinarudi na kuulizwa: ulisema utafanya hivi, ulifanya? Ni konvansio kabisa.

Jambo la pili. Serikali ya jimbo haiwezi kushika leseni yenyewe. Ottawa iliweka katazo hilo miaka ya 1970: jimbo linaweza kuwa na televisheni ya elimu, lakini leseni inashikwa na shirika linalosimama peke yake, na baraza lake la uongozi. Serikali inatoa pesa, lakini mkuu wa serikali hachagui habari ya saa mbili usiku. Tena, kwa miaka 20 ya kwanza, TFO ilikaa chini ya shirika moja na televisheni ya Kiingereza ya jimbo. Ni mwaka 2007 tu ilipata nyumba yake na uongozi wake. Mpangaji hata akiwa na chumba kizuri, ufunguo wa lango unakaa kwa mwenye nyumba.

La tatu ni njia ya kufika nyumbani. Leseni bila njia ni sawa na bei nzuri ya shaba wakati mshahara hautoki. Katika Ontario, kampuni za kebo zinalazimishwa kupitisha TFO katika furushi la chini kabisa, lile kila mteja analipia. Na watu wa asili wa Kanada, wenye ile ardhi ambayo nikeli inatoka, walipata yao katika 1999: kituo cha APTN, na CRTC ikaamuru kila nyumba yenye kebo, nchi nzima, ilipe senti 15 kwa mwezi. Senti 15! Hakuna aliyefilisika, na kituo kikapata pesa za kuanzia.

Tusidanganyane: leseni hailindi kila kitu. Mwaka 2012 shirika la taifa, lile linaloitwa Radio-Canada kwa Kifaransa, lilizima mitambo zaidi ya 600 ya zamani, ile iliyotumia antena ya nyumbani tu, likisema pesa hakuna. CRTC ilikubali. Mzee wa kaskazini asiyekuwa na kebo wala dishi alibaki na kioo cheusi. Lakini angalieni Windsor, muji wa viwanda vya magari. Katika 2009 redio ya Kifaransa ya pale ilikatiwa karibu vipindi vyote vya mahali. Wasikilizaji wakaunda kamati, wakaandika, wakaenda mpaka mbele ya baraza. Leseni ya 2013 ikasema wazi: saa 15 kila juma kwa vipindi vya Windsor. Hesabu ya saa, imeandikwa. Ile njo tunaita kushinda.

Turudi sasa Haut-Katanga na Lualaba. Mtu atatuambia: Kiswahili hapa si lugha ya wachache, mnalilia nini? Kweli, sokoni, kanisani na chini ya mgodi, Kiswahili ni mfalme. Katiba ya 2006 inakitaja kati ya lugha nne za taifa, na RTNC inasoma habari katika hizo nne. Lakini makambo ya pesa na ya sheria yanasemwa kwa Kifaransa. Chukueni Kodi ya Migodi iliyorekebishwa mwaka 2018. Inasema mrabaha unagawanywa: sehemu 50 kwa mia kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa muji au sekta ambapo mgodi uko, 10 kwa mfuko wa vizazi vinavyokuja. Tena kampuni inatoa 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa karibu, na inaweka sahihi daftari la masharti pamoja nao. Ni mama wangapi wa mtaa wenye kuliwa na vumbi la malori wanajua hesabu hii? Mkubwa anaeleza kwenye tele kwa Kifaransa kirefu nusu saa, na mama anamugeukia mtoto wake wa sekondari: "Beko banasema nini?" Mtoto naye anatafsiri maneno matatu, yale anajua.

Vituo vya binafsi havikosekani, lakini vingi ni vya wanasiasa, na tunajua namna vinavyoamka karibu na uchaguzi. Redio zinatumia Kiswahili zaidi, tunazishukuru. Baraza nalo tunalo: CSAC, ambalo liko katika Katiba, na sheria yake ni ya tarehe 10 Januari 2011. Tunaliomba, pamoja na wizara inayotoa ruhusa, karatasi ya televisheni ya umma ya kila jimbo la mgodi iandikwe kama konvansio: saa ngapi za Kiswahili kwa juma, na saa zile ziwe jioni, si alfajiri wakati wa zamu ya usiku iko bado chini. Saa ngapi juu ya kazi, ajali, maji, mrabaha. Baraza la uongozi ambalo gavana hawezi kulifukuza, na ndani yake kiti cha sendika, cha wamama, cha wachimbaji wa mikono. Ionekane kwa antena ya kawaida, maana dekoda inalipiwa kila mwezi, na mshahara wa kandarasi ndogo tunaujua.

Na tukiomba Kiswahili, hatuwezi kumukatalia jirani. Kibemba, Kisanga, Kiruund, Tshiluba, nao wana wazee wasiofuata mjadala. Wapewe saa zao, na hesabu yake iandikwe. Wafaransa wa Sudbury walipiga kelele miaka mingi juu ya lugha yao. Watu wa asili, wenye ardhi, walingoja mpaka 1999. Tusirudie hiyo foleni hapa.

Wajumbe wa sendika, katika mkutano wa sehemu unaokuja, ulizeni kitu kimoja tu: kituo cha umma cha jimbo letu, masharti yake yako wapi, na yanaisha tarehe gani? Yakipatikana, yabandikwe kwenye ubao wa matangazo, karibu na orodha ya zamu, yakiwa yametafsiriwa kwa Kiswahili.