Mzuka na Hati ya Kiwanja

Wako miongoni mwetu, sisi tuliokabidhiwa kazi ya kuulinda utamaduni wa taifa, watu ambao wakiletewa filamu ya wanafunzi hutafuta kwanza ngoma, nyumba ya nyasi na mzee mwenye mkongojo. Wasipoviona hutoa hukumu: huu ni uigaji. Hukumu hiyo nimeisikia mwenyewe katika jopo la waamuzi nililokuwamo, juu ya filamu fupi ya dakika 18, nami naipinga.

Kisa chenyewe ni cha mjane aliyefariki. Mashemeji wameificha hati ya kiwanja, na mzuka wa marehemu unamrudia binti yake. "Unigeria mtupu!" walisema wenzangu. Ni kweli mzuka huo una nasaba Nigeria. Katika Living in Bondage ya mwaka 1992, mume humtoa mkewe kafara ili apate mali, kisha mzuka wa mke humwandama. Mikanda ya namna hiyo ilienea kwetu, na mwaka 2006 marehemu Steven Kanumba alicheza Dar 2 Lagos pamoja na wasanii wa huko. Vijana wetu wamekulia humo. Lakini mzuka ule huja kulipiza kisasi. Huu wa wanafunzi haulipizi kitu. Unakaa jikoni ukichambua mchele, na kila binti aulizapo hati iko wapi, wenyewe huuliza kama mdogo wake amekula. Desturi ya kuazima imetumikishwa katika jambo letu, yaani haki ya yatima katika urithi. Jopo halikuliona hilo, maana lilikuwa likihesabu ngoma.

Nawauliza wenzangu: taarabu ya Unguja ilichota wapi kama si Misri, enzi za Sayyid Barghash? Na ngonjera, ambazo leo tunazililia kana kwamba tulirithishwa na mababu wa kale, si zilisanifiwa na marehemu Mathias Mnyampala katika miaka ya 1960? Kuugeuza utamaduni kuwa kabati la makumbusho ni kasumba kama kasumba nyingine.

Sisemi filamu ile haina dosari. Kinanda kinachomlilia mtazamaji kabla hajalia mwenyewe ni uvivu. Kisengerenyuma cha tatu kilijaza muda tu. Na mvua inayonyesha kila mhusika ahuzunikapo imeazimwa bila kuulizwa kazi yake (Dodoma, kisa kinakotokea, mvua hiyo wangeisubiri miezi mingi). Hayo ndiyo yaliyostahili kuambiwa vijana. Badala yake waliandikiwa maneno mawili: "Haina Utanzania." Nilikataa kutia sahihi. Binti aliyeiongoza filamu hiyo alikuja kuniuliza ni picha ipi hasa iliyokosa Utanzania, nikamwelekeza kwa wenzangu. Hadi leo hajajibiwa.