Uchanga si ulaghai

Kudai kwamba wiski changa ya Uskoti humaliziwa katika mapipa ya mvinyo ili kuficha uchanga wake ni kuhukumu kabla ya kuonja. Kanuni za mwaka 2009 zinataka wiski hiyo ikae miaka isiyopungua 3 katika mapipa ya mwaloni, huko huko Uskoti. Ionje Arran, wiski ya Uskoti iliyomaliziwa katika mapipa ya Amarone, mvinyo mwekundu wa Italia wa zabibu zilizokaushwa. Ina kilevi cha asilimia 50, kwa hiyo itie matone ya maji, subiri, kisha nusa: cheri, chokoleti, na shayiri bado ipo. Kilichofichwa ni kipi? Wapo watengenezaji wanaozidisha ladha ya mvinyo, kweli, walaumiwe hao. Mwandishi aliyetoa dai hilo na aonje bila kutazama lebo, kisha aandike upya.